Samaki Aliyekaa Eda

Mume wangu alikufa akaniachia samaki wa mzungu. Nikisema hivyo watu hucheka, nami huwaacha wacheke, maana wakati ule pale nyumbani hakuna aliyemcheka isipokuwa watani. Samaki mmoja tu, mwekundu, urefu wake kama kidole changu cha kati, mwenye mapezi mapana na mkia unaoning'inia kama pindo la kanga. Alikaa ndani ya sanduku la kioo lenye fremu ya chuma, na sanduku lilikaa chumbani kwangu, Newala, juu kabisa ya mlima ambako hata binadamu hana maji.

Mume wangu alikuwa mpishi wa Bwana mmoja wa bomani. Waingereza walikuwa bado wanatutawala, ingawa maneno ya kujitawala yalishaanza kusemwa kwa sauti ya chini. Bwana na memsabu wake walipokwenda likizo Ulaya, memsabu alimwita mume wangu akamwambia: huyu nakuachia wewe, nikirudi nimkute. Basi wanaume wanne wakalibeba lile sanduku kwenye miti kama wanabeba mgonjwa, maji yakimwagika njia nzima, na watu wakitoka nje kuangalia maji yanavyopotea. Hakuna aliyemwangalia samaki. Waliangalia maji.

Alimpenda yule samaki, sitaficha. Akirudi kazini alimsalimia yeye kwanza, mimi baadaye. Jioni alinieleza alivyofundishwa na memsabu: maji usibadilishe yote, toa nusu tia nusu; maji mapya yakae kwanza chomboni yapoteze ubaridi; chakula kidogo sana; mapezi yakianza kuchanika, maji safi na chumvi kidogo, basi. Mimi nilikuwa nachambua kunde, namsikiliza kwa sikio moja.

“Na mimi nikichanika utanitia chumvi?” nilimwuliza.

Alicheka mpaka akakohoa. Kikohozi kile hakikuondoka tena. Kilimlaza kiangazi kilipoanza, akakonda, na siku alipojua hatainuka aliniita karibu. Chumbani tulikuwa watatu: yeye, mimi, na wifi yangu, dada yake wa tumbo moja, aliyekuwa akimpepea kwa kipande cha ukili wa mkeka.

“Samaki wa Bwana nakukabidhi wewe,” aliniambia. “Bwana akirudi, umtie mkononi mwake. Ni amana.”

Nilikubali. Ningesema nini? Mtu anakufa mbele yako, utamwambia mambo ya samaki hayakuhusu?

Tukamzika. Nikavishwa kaniki, nikaingizwa eda.

Mimi ni Mmakua wa Masasi, nimeolewa mlimani kwa Wamakonde. Kwetu Masasi kisima kiko chini ya majabali, unakwenda na kurudi kabla uji haujapoa. Newala mwanamke huteremka ukingo wa mlima kwa kijinjia chembamba mpaka bondeni, anajaza mtungi, halafu anapanda nao kichwani huku magoti yanatetemeka. Ukiondoka kabla ya jua, unarudi jua liko juu. Wakati huo habari za bomba la maji tulikuwa tunazisikia tu, zikisemwa na watu waliovaa viatu. Miaka yote ya ndoa yangu nililaani kile kijinjia. Sasa niko eda, nimekatazwa hata kufika uani bila kujifunika, na nikasikia wanawake asubuhi wakipita dirishani wanagombana, wanacheka, mitungi mitupu ikigongana, nikalia. Si kumlilia mume tu. Nilikuwa nalilia mlima.

Chumba kilikuwa na kidirisha kimoja, cha kupitisha mkono. Kitanda, sanduku la nguo, sanduku la kioo. Mimi nazunguka upande wangu, samaki anazunguka upande wake. Nikiamka yuko pale. Nikiswali yuko pale. Nilifika mahali nikamchukia, nikamwambia waziwazi: “Wewe angalau umezaliwa hivyo.”

Waliokuja kuhani walitoka Mkunya, walitoka Mnyambe, makundi kwa makundi, kila mtu na kifurushi chake cha unga wa muhogo au kunde, na kila mtu akiingia chumbani kunipa pole alimwona samaki. Sasa, watu wa mlimani wana tabia moja, na ni tabia njema: hakuna anayekula mbele ya mtu bila kumpa. Hata mtoto wa jirani akipita, hata mgeni usiyemjua, utakata tonge utampa. Yule samaki walimwona ni mtu wa nyumba. Marehemu alikuwa naye, mjane yuko naye. Basi ukiletwa ugali, bibi mmoja anakata kipande anakitumbukiza: “Naye ale, maskini.” Mwingine naye hataki kuonekana mchoyo, anatumbukiza chake. Wakiondoka hao wanakuja wengine.

Watani ndio walizidi. Mtani mmoja wa marehemu, baba mzima mwenye mvi, alimshika samaki mateka. Alikaa mbele ya kioo na kisu cha kukatia mboga akatangaza kwamba kitoweo cha msiba kimepatikana, na hatakiachia mpaka aletewe kuku. Watu walicheka hadi mama mkwe akafuta machozi. Kuku aliletwa, naye mtani, kwa furaha ya ushindi, akamrushia mateka wake tonge zima kubwa.

Kwanza samaki alikula. Halafu akashindwa. Ugali ukazama, ukavimba, ukaota kitu cheupe kama ukungu wa mkate uliolala. Maji yakawa kama maji yaliyooshewa mchele. Sikutilia maanani, niseme nini, nilikuwa nimefiwa. Mpaka asubuhi moja jua la kidirisha lilipopiga kwenye kioo nikamwona vizuri.

Mkia wake ulikuwa umechanika. Kingo zote zimekuwa nyeupe, nyuzinyuzi zinaning'inia, mfano wa kanga iliyovaliwa mpaka pindo likaisha. Mapezi ya ubavuni yamebaki vijiti. Hakuzunguka tena. Alisimama kwenye pembe, juujuu, anatweta.

Niliita watu. Mama mkwe akasema samaki analia msiba. Bibi mwingine akasema ameng'atwa na kitu, na mwenzake akamwuliza kitu gani, mbona yuko peke yake, wakaanza kutazamana kwa jicho baya na mmoja akaniangalia mimi. Nikaona hapa sasa tunaelekea pabaya.

Na siku hiyohiyo, kana kwamba alikuwa ananisubiri, akaja shemeji.

Shemeji alikuwa mdogo wa marehemu, lakini kwangu mimi alikuwa mkubwa kwa umri. Ana mke mmoja, ana mikorosho yake Mkunya, mtu mpole, hanywi, hapigi. Mwanamume haingii kwa mwenye eda, kwa hiyo alikaa nje ya mlango, nikawa nasikia sauti tu.

“Shemeji, umeamkaje?”

“Nimeamka.”

“Nimekuletea muhogo, nimeuweka hapa. Nimeambiwa samaki anaumwa.”

“Anaumwa.”

“Mwangalie sana, shemeji. Ile ni amana ya kaka. Maiti aliyeacha amana bado ana mzigo.” Nikasikia anakuna mguu. “Na wewe usiwe na wasiwasi. Ukitoka eda hutatupwa. Amana haihami, lile sanduku halibebeki, na wewe ndiye unayelijua. Utakaa nayo hapa mpaka mwenyewe arudi. Na mwanamke hakai peke yake kwenye nyumba. Wazee tumeshazungumza. Nitakurithi mimi.”

Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma. Mtu akikutukana unapata la kujibu. Huyu ananiletea muhogo na kunifungia mlango kwa mkono mmoja.

Nilikaa chini sakafuni nikafikiri. Samaki akifa, mume wangu amelala kaburini na doa: aliaminiwa, na nyumba yake ikaila amana. Watu wangelisema jina lake hivyo mpaka mwisho wa dunia. Samaki akipona, mimi sitoki. Nitakaa na kile kioo, nitakuwa mke wa pili kwa mtu nisiyempenda, kumsubiri mzungu ambaye hata siku ya kurudi haijulikani. Sikuwa na mtoto. Pale mtaani kila mwanamke alikuwa Mama Fulani, mimi nilikuwa mke wa mpishi, na mpishi amekufa. Kwetu Masasi alibaki mama yangu tu, huko Mkomaindo, na miguu yake ilishakataa safari. Nilitaka kurudi kwa mama yangu. Hicho tu. Nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Lakini kumwacha yule kiumbe aoze mbele yangu kusudi nipate njia, hapana. Mwenyewe alinikabidhi akinishika mkono. Nikasema potelea mbali, kwanza apone, mengine nitayaona mbele.

Mimi sina subira, na sijawahi kuwa nayo. Siku iliyofuata bibi mmoja kutoka Mnyambe, mkongwe, mnene wa heshima, alikata tonge lake akanyoosha mkono juu ya kioo. Nikaruka.

“Acha! Mnamuua! Mnamlisha mpaka anaoza na bado mnamlisha!”

Mwenye eda hapayuki. Mjane hamfokei mgeni wa msiba, tena bibi wa watu, tena ameshika ugali aliokuja nao mwenyewe. Mama mkwe alinitazama hadi nikahisi kaniki inanibana. Yule bibi akabaki na mkono hewani, mdomo unamcheza.

“Shikamoo, bibi,” nikasema. Sikuwa na jingine.

“Marahaba,” akaitikia, bado kashangaa.

“Nisamehe, bibi yangu. Huyu yuko eda.”

“Nani?”

“Samaki. Yuko eda kama mimi. Hali mkononi mwa mtu mwingine, anakula kwangu tu, na ni kidogo sana. Ndivyo mwenyewe alivyosema.”

Sijui lilitoka wapi. Naapa sikulipanga. Yule bibi alimtazama samaki, akanitazama mimi, akautia ugali mdomoni mwake mwenyewe akatafuna polepole.

“Mngesema tangu mwanzo, jamani,” akasema. “Sisi tungejuaje?”

Basi ikawa hivyo. Habari ilifika Mkunya kabla ya jioni. Tangu siku hiyo hakuna aliyetumbukiza kitu. Watu waliingia wakanipa pole, halafu wakageukia kioo wakampa pole na yeye, “Pole mwenzetu,” kwa sauti ya msiba kabisa. Nilikuwa nauma shavu nisicheke.

Kumlisha kukakoma. Yakabaki maji, na hapo nilikuwa na vita na wifi.

Wifi yangu alikuwa mwanamke mfupi, shingo nene ya kubebea mitungi, ulimi kama wembe. Mumewe aliondoka kwenda kwenye mkonge Tanga wakati mtoto wao wa mwisho anatambaa, na hajarudi wala hajatuma neno. Wifi hakuwa mjane, hakuwa mke. Aliishi kwa mama yake, analea wanawe, analima, anachota maji ya nyumba nzima, na kwa kuwa mimi niko eda, anachota na yangu. Nilipomwambia nataka maji ya samaki aliweka mtungi chini akashika kiuno.

“Sema tena nisikie.”

“Nusu tu. Maji yale yameoza, wifi.”

“Miguu yangu hii,” akanyoosha mmoja anionyeshe, kisigino chote nyufa, “ipande mlima ule kwa ajili ya samaki? Watoto wanaoga kwa kitambaa! Mama anatawadha kwa kikombe! Samaki wa mzungu aogelee maji mapya? Nyoo!”

Akatoka. Na alikuwa na haki, hilo ndilo lililonikera zaidi. Ningekuwa mimi ninayepanda ningemtukana hata zaidi ya hapo. Nilikaa nimekasirika, nimemkasirikia yeye, na mzungu, na marehemu, na mlima, na Mungu anisitiri.

Halafu nikayaangalia maji yangu mwenyewe. Mwenye eda huwekewa maji yake ya kunywa na ya kuoga. Nikachukua ya kuoga nikayaacha kwenye chungu mpaka yakapata joto la chumba. Nikachota kwa kata kwenye kioo, polepole, na mabaki ya ugali, mpaka nusu. Nikatia yangu. Yale niliyotoa, nikasubiri yatulie, nikayachuja kwa kitambaa, nikayaogea. Tone halikupotea. Yalipita kwa samaki kwanza, halafu yakaja kwangu.

Kesho yake wifi aliingia, akasimama, akanusa.

“Wee! Mbona unanuka Ruvuma?”

Nikamweleza. Alikaa kitandani akacheka mpaka akajishika mbavu, kicheko cha kwanza nilichomsikia tangu msiba. “Mjane anaogea maji ya samaki! Yule mtani akisikia, tumekwisha!” Halafu akafuta macho. Kuanzia siku ile mtungi wangu ulikuja umejaa mpaka shingoni, na kabla ya hapo haukuwa unajaa hivyo.

Nilipomwomba chumvi akaniletea, na alipoona naipeleka wapi akapiga ukelele: “Unamuunga mzima mzima?”

“Ni dawa. Kaka yako alisema.”

“Kaka alisema mengi,” akajibu, lakini alisogea karibu kuangalia.

Kupona kwake kulikuwa kwa kukatisha tamaa. Siku nyingi sikuona mabadiliko. Mkia uliendelea kupukutika, nikasema basi, tumechelewa, nimemponza mume wangu. Nikawa naogopa kuamka. Kisha weupe ukaacha kusogea. Kisha akaacha pembe yake, akashuka chini, akaanza tena kule kuzunguka nilikokuwa nakuchukia, na safari hii nilishukuru. Kisha siku moja wifi, ndiye aliyeona kwanza, akasema, “Hebu njoo.” Pembezoni mwa ule mkia uliokatika palikuwa na kitu chembamba, hakina rangi, unaona ng'ambo yake, kama kucha ya mtoto mchanga. Mapezi yalikuwa yanaota.

Tulikaa wawili sakafuni tukaangalia. Wifi alikuwa na desturi sasa ya kuingia akishatua mtungi, anakaa kidogo kupumzisha shingo.

“Wewe angalau eda yako ina mwisho,” akaniambia siku hiyo, macho kwenye kioo. “Mimi nimekaa nikimsubiri mtu sijui yuko hai sijui amekufa. Ningeambiwa amekufa ningekaa eda, ningelia, ningeisha.”

Nilimshika mkono, akauacha kidogo, halafu akainuka akaenda kupika.

Siku ya kutoka eda nikaogeshwa, nikavua kaniki, nikavishwa kanga mpya. Jua la uani lilinipiga nikayumba. Watu walicheka, wakanishika. Jioni ile wazee wakaketi barazani, na mimi nikaitwa, nikakaa mkekani na wanawake. Shemeji alikuwepo, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Mkewe alikuwa kwenye kona, anatazama chini. Nilimwonea huruma, na naamini yeye alinionea mimi.

Mzee wa ukoo akasema yaleyale niliyokwisha kuyasikia mlangoni. Marehemu ameacha amana. Amana ni ya nyumba. Nyumba haiwezi kuiacha, na mwenye kuijua ni huyu binti. Basi akae, na mdogo wa marehemu amrithi kwa heshima.

“Una neno?” akaniuliza.

“Shikamoo, baba. Ninalo. Amana si ya nyumba. Mume wangu alinikabidhi mimi, kwa jina langu, nimtie Bwana mkononi. Hakuikabidhi nyumba.”

“Nani alisikia?”

Nilijua ni nani aliyesikia, lakini sikuthubutu kugeuka. Angesema hakusikia, nani angemlaumu? Yule ni kaka yake na huyu ni kaka yake. Mimi nikibaki atakuwa na mtu wa kupokezana naye mlima maisha yake yote. Nikiondoka, mtungi wangu unarudi shingoni kwake. Hata ningekuwa mimi, sijui ningesema nini.

“Mimi nilisikia,” wifi akasema.

Watu wote wakageuka. Huko mlimani dada wa marehemu si mtu wa kupuuzwa. Wanawe ndio warithi wa mjomba wao, na akisema jambo la kaka yake, limesemwa.

“Nilikuwa nampepea. Alimwambia, nakukabidhi wewe. Alimwambia yeye. Mimi nilikuwa pale na hakunikabidhi mimi, wala mama, wala huyu.” Hakumtazama shemeji. “Amana iko mkononi mwake.”

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akasema kama ni hivyo, basi ni hivyo, mwenye amana hukaa nayo anapokaa.

Shemeji akacheka kidogo, si kwa ubaya, alicheka tu kama mtu anayejua hesabu yake iko sawa. “Haya. Iko mkononi mwake. Aibebe basi.”

Baraza zima likacheka, maana kila mtu alikumbuka wanaume wanne na miti yao.

“Nitaibeba,” nikasema. “Nilikabidhiwa samaki. Kioo sikukabidhiwa. Na yeye pia ametoka eda leo.”

Asubuhi, kabla jua halijatoka, nilichukua mtungi, nikatia maji ya kioo, na kioo chenyewe nikakiacha kimejaa maji safi niliyoyaweka akiba tangu juzi. Nilitaka shemeji akija akute maji, si utupu. Watoto wayanywe. Samaki nilimkamata kwa kata, akajipindapinda mara moja, akaingia mtungini bila kelele. Nikafunika kwa jani, nikajitwika.

Wanawake walikuwa wanapita kama kawaida, mitungi mitupu, na mimi nikaingia katikati yao. Mmoja akaona jinsi ninavyotembea, shingo imekaza.

“We mke wa mpishi, mbona mtungi wako mzito?”

“Una maji.”

“Una maji? Unashuka na maji?”

Loo! Walicheka njia nzima. Hakuna mtu aliyewahi kuona mwanamke anabeba maji kuyatoa mlimani. Walinizomea, walinitungia vibwagizo, wengine waliniomba niwagawie waokoe safari. Na mimi nilicheka nao, kwa hasira na kwa furaha, huku magoti yakitetemeka kwa kushuka badala ya kupanda. Wifi alikuwa mbele yangu, akinionyesha kila jiwe linaloteleza.

Niseme mambo ya baadaye kabisa, nisije nikasahau. Bwana hakurudi. Walimpeleka nchi nyingine, bomani akaja mwingine ambaye hakujua habari za samaki wala hakutaka kuzijua. Nilimpeleka samaki mpaka Masasi, kwa miguu na kwa lori la korosho, mtungi mapajani, na akaishi Mkomaindo kwenye mtungi wa mama yangu uliopasuka mdomo, mapezi yake yote yakiwa mazima, mpaka alipokufa kwa uzee wake. Hakuna aliyekuja kumdai. Nilimtunza hivyohivyo.

Lakini siku ile bondeni tulifika jua likichomoza. Wanawake wakajipanga kwenye chemchemi. Nilitua mtungi wangu, nikatoa maji nusu, nikatia nusu. Wifi akainama, akafunua jani, akatazama ndani muda mrefu.

“Mkia umetimia,” akasema.

Hapo ndipo barabara ya Masasi inapoanzia kuonekana, nyeupe, imenyooka, unaweza kuifuata kwa macho. Nilimshika mkono, na safari hii sikuuachia.

“Wifi, twende wote. Angalau ukapumzike kwa mama. Watoto tutawafuata.”

Aliitazama ile barabara. Naapa kwa Mungu aliitazama kama mtu mwenye njaa. Halafu akatoa mkono wake mkononi mwangu, akajaza mtungi mpaka shingoni, akazungusha kata ya nguo kichwani.

“Nitwishe,” akasema. “Watu hawajanywa maji.”

Nikamtwisha. Akageuka, akaanza kupanda.